Nilishuka kwa Miguu Yangu

Sauti ya Direkteri ilitoka ndani ya simu iliyowekwa juu ya kiti cha plastiki, katikati ya uwanja wa nyumba ya kina Mama Mwavita kule Mulongwe, mjini Uvira, Kongo, na watu wote waliokuja matangani wakanyamaza kuisikiliza. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, imetumwa kutoka Amerika. "Tulimubeba mama yetu," ilisema. "Tulisafiri naye, tulikula naye, hatukumuacha njiani hata siku moja." Wanawake waliokaa kwenye mikeka wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na nusura nikitupe. Mwanamke mmoja nyuma yangu, ambaye naona alidhani sina masikio, akamnong'oneza mwenzake: "Unaona yule wa kitenge ya kijani? Naye alikuwaka mu ile safari. Alifika karibu na mulango, bakamurudisha." Mwenzake akasikitika kidogo, kama mtu anavyosikitikia sufuria ya mwingine iliyoungua.

Basi naandika. Mama Mwavita amefia huko, amezikwa huko, na hawezi tena kusema ilivyokuwa, nimebaki mimi. Sitaandika baba yangu alikuwa nani wala alilima nini. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka thelathini na moja, magoti mazima na hasira nyingi kuliko hizi. Ndiyo, nilirudishwa kwa ndege, sikatai. Lakini kabla ya kurudishwa nilishuka kwenye basi, na nilishuka kwa miguu yangu. Hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya anayachanganya kwa makusudi.

Tapachula ni mji wa Meksiko ulio karibu na mpaka wa kusini. Una joto la Uvira bila ziwa la Uvira. Tulikuwa watu tisa katika chumba kimoja chenye dirisha moja, na tulikuwa tumeshavuka nchi nyingi kufika hapo. Ya msitu tulioupita kwa miguu sitayasema, wengine wameshayasema. Kulikuwa na Direkteri, aliyewahi kuongoza shule ya msingi kwenye barabara ya Bukavu, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Kulikuwa na vijana watatu, ndugu wa tumbo moja. Kulikuwa na Mama Mwavita, mwanamke wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara walioishi kando ya ziwa tangu enzi za mababu. Alikuwa amepita miaka sitini, na alikuwa anakwenda kwa binti yake wa pekee huko Amerika ambaye hakumwona kwa miaka kumi na miwili. Na mimi. Wanangu wawili nilikuwa nimewaacha kwa dada yangu kule Luberizi, Neema wa miaka tisa na mdogo wake wa minne, na mpango wangu ulikuwa nifike, nifanye kazi, niwavute. Ndiyo maana safari nzima hakuna aliyeniita kwa jina nililopewa na wazazi. Wote waliniita Mama Neema.

Serikali ya kule ilitupa karatasi ya siku ishirini: ndani ya siku hizo uwe umeivuka nchi yao yote na kutokea kaskazini. Kumi na tatu tulizimaliza chumbani mle tukisubiri nafasi kwenye basi. Direkteri alikuwa akizihesabu kila asubuhi kwa sauti, kama anavyoita majina darasani. Mkewe alipika maharagwe meusi na wali kwenye jiko la kuazima, na kabla ya kupakua alichota kijiko, akala mbele yetu, akameza. Hilo kwetu halihitaji maelezo. Uvira ukimkaribisha mgeni soda, unaifungua machoni pake, unamimina kidogo, unakunywa wewe kwanza. Anayekupa ndiye anayeonja. Mama Mwavita alikuwa mkali wa jambo hili kuliko watu wote niliowahi kuwajua, kwa sababu kaka yake alikufa wiki moja baada ya kunywa chai kwa jirani, na hakuna daktari aliyeweza kumtoa moyoni kwamba ile ilikuwa sumu. Juu ya hilo kulikuwa na suala la nguruwe. Chumbani hayo yote yalikuwa rahisi, sufuria ilikuwa yetu. Njiani ndipo yalipotushinda.

Basi lilikuwa refu, limejaa watu wa mataifa ambayo sikuwahi kuyasikia, na ndani yake kulikuwa na baridi ya mashine iliyotufanya tuvae nguo zote tulizokuwa nazo. Asubuhi ya kwanza lilisimama kwenye mgahawa wa kando ya barabara. Mama mwenye mgahawa akatuletea mchuzi wa kuku kwenye bakuli. Mama Mwavita hakuugusa. Alisukuma bakuli na kijiko mbele ya yule mama, akaonyesha mdomo. Yule mama akadhani hauna chumvi, akaleta chumvi. Mama Mwavita akasukuma tena. Akaletewa ndimu. Akasukuma tena. Ikaja pilipili, aina mbili, na yule mama sasa alikuwa amekunja uso. Mara ya nne alilichukua bakuli lake, akatugeuzia mgongo.

"Mama, unatuletea haya," Direkteri alisema. "Hapa haiko kwetu Kavimvira."

"Hata mbinguni muntu anaonja," akajibu Mama Mwavita, na akaufunga mdomo.

Alikuwa hajala tangu jana yake. Niliinuka, nikamwendea yule mwenye mgahawa, nikamwomba radhi kwa mikono na kwa kicheko maana maneno sikuwa nayo, nikalirudisha bakuli. Nikakaa mbele ya Mama Mwavita. "Niangalie vizuri," nikamwambia. "Niko nakula." Nikala vijiko viwili. Akaniuliza, "Iko nguruwe?" Nikasema ni kuku. "Ngoja kidogo," akasema, na tukangoja, mimi na yeye tukitazamana, shofere akipiga honi, mpaka aliporidhika kwamba sianguki. Kisha akavuta bakuli, akalimaliza lote, akalamba na vidole. Tangu saa ile nikawa mwonjaji wake. Mimi ni Mkristo, nguruwe hanidhuru, kwa hiyo niliweza kumtangulia kila mahali. Kila basi liliposimama, wachuuzi wakipanda na vikapu, alinigusa kwa kiwiko: "Mama Neema, tangulia."

Na nilitangulia. Nililala na njaa mara nyingi katika njia ile, lakini kwenye basi lile nilionja nchi ya watu kwa ajili ya mtu mwingine, na nilifurahi. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu watu wanapenda mkimbizi awe analia tu; ukisema ulifurahi wanakutazama kama umeiba. Nilionja unga wa mahindi uliopikwa ndani ya jani la mgomba, nikaufungua nikidhani nitakuta ladha ya kwanga, ule mkate wetu wa muhogo, kumbe ndani kuna nyama na mafuta ya nguruwe. Huo nilimkataza, nikaumaliza mimi. Nilionja chapati za mahindi, moto, zimefungwa kwenye kitambaa. Nilionja mchuzi mweusi wenye kakao na pilipili ndani ya sufuria moja, nikachanganyikiwa kabisa, nikaomba tena. Nilionja majani mazito ya dungusi yaliyotolewa miiba na kukaangwa. Yanateleza kama bamia. Mchuuzi mmoja alipopanda na panzi wa kukaanga, wamekolezwa chumvi na ndimu, wasafiri wengine wakaziba pua. Sisi tuliokula senene na kumbikumbi tangu utotoni tulinunua pakiti mbili. Mama Mwavita alisema panzi hahitaji kuchinjwa, dini haina neno. Alitafuna akitazama milima ya kule dirishani, akasema kwamba waliopika hivi ni watu wenye akili.

Alasiri ya siku ya pili alianza kutetemeka. Nilidhani ni baridi ya basi, nikamfunika kwa kitenge changu. Kisha akawa wa moto, kisha akatapika, akatapika tena, na kichwa chake kikaniegemea begani bila nguvu. Nilikuwa nimefumba macho nikimwombea. Waliokuwa kiti cha nyuma wakadhani nimelala, na ndivyo nilivyosikia shauri lao lote.

"Shofere anasema mu ile mji ya mbele kuko nyumba ya ba masere," alisema Direkteri, akimaanisha masista wa kanisa. "Banapokeaka bagonjwa. Tutamuacha pale."

"Peke yake?" kijana mkubwa katika wale watatu aliuliza. "Hajui hata neno moja ya luga yabo."

"Dokima iko na siku tano. Bisi haitangoja. Unataka tufanye nini?"

Hapo mke wa Direkteri akasema jambo ambalo sijalisahau. "Muulize Mama Neema. Yeye njo alikuwa anamulisha ile madudu. Muntu anaonja, yeye hafi, mwengine anakufa. Kwetu tunajua namna muntu wa vile anaitwaka."

Kwetu tunajua, kweli. Kuna neno, na silitaji. Anayelipakwa hulibeba mpaka kaburini, na watoto wake hulibeba baada yake. Nilikaa pale na kichwa cha mgonjwa begani, nikaelewa nilipo. Nikibaki kwenye basi na kumwacha, nitakuwa nimekubali. Akifa kwa masista, neno litanitangulia hadi Luberizi kabla sijafika popote. Lakini sitaki kujipamba: si neno lile lililoniinua. Kilichoniinua ni kwamba yule mama alimwamini mtu mmoja tu duniani amtangulie kwenye sahani, na mtu huyo nilikuwa mimi. Mbele ya masista wale angefunga mdomo. Angekufa kwa njaa kabla ya ugonjwa kumuua, na kila mtu kwenye basi alilijua hilo vizuri kama nilivyolijua mimi.

Basi liliposimama nikavuta begi langu. "Minye niko nashuka naye," nikasema.

"Mama Neema, tumia akili," alisema Direkteri. "Utapoteza siku zako."

"Ziko zangu."

"Na batoto yako?"

Nikamwambia asiwataje wanangu kwa mdomo uleule uliokaa kimya mkewe akinipaka sumu. Basi zima liligeuka kunitazama, hata wasiojua lugha yetu. Kijana mkubwa alinisaidia kumshusha Mama Mwavita hadi mlangoni mwa masista, akaweka begi chini, akarudi garini bila kunitazama. Simlaumu. Simlaumu hata Direkteri kwa kuondoka. Alikuwa na watoto wawili wadogo na karatasi ya siku tano. Mtu anaweza kumwacha mgonjwa kwa masista na bado akawa mtu. Jua lilikuwa bado juu, likichoma. Nilisimama na mikono kiunoni mpaka basi likapotea, na nilitukana kwa Kifuliiru, lugha ya kabila langu, ambayo sijui kama iliwahi kutukaniwa mahali pale.

Haikuwa panzi. Ilikuwa malaria, ileile ya kwetu, au aliibeba msituni, sijui. Daktari wa kule hakuizoea, na siku ya kwanza alitafuta tumboni. Mimi ndiye niliyeonyesha kutetemeka na jasho na kusema neno malaria mara kumi mpaka akaandika kipimo. Dawa zikaanza. Tulipewa chumba chenye vitanda viwili na msalaba ukutani, na Mama Mwavita, alipopata nguvu ya kufumbua macho, kitu cha kwanza alichofanya ni kuniomba niufunike na taulo. Masista walicheka, wakaniletea taulo safi.

Mpishi wao alikuwa mwanamke mnene wa umri wangu, jina lake Chela. Jikoni kwake ndiko nilikojua kwa nini chapati zao zina harufu ile: mahindi huchemshwa na chokaa, yakalala, yakaoshwa, ndipo yakasagwa mabichi. Siku moja nilimwomba donge la unga ule wa maji nimpikie mgonjwa bugali. Nilisonga kama nilivyosonga tangu utotoni, mguu mmoja mbele, mwiko kwa mikono miwili, na kitu kilichotoka kilikuwa kijivu, kinanata kama gundi, kinanuka nyumba mpya. Chela alicheka mpaka akashika meza. Mama Mwavita alimeza matonge mawili, akayasukuma kando. "Hii bugali iko mugonjwa kunishinda," akasema. Ndipo nilipojua atapona.

Kila mlo nilionja kwanza. Chela aliniona kwa siku nyingi bila kuuliza. Asubuhi moja nilichelewa nikifua, nikakimbilia chumbani nikijua uji umepoa na mgonjwa anangoja, nikakuta Chela amekaa kwenye kitanda cha Mama Mwavita na bakuli mapajani. Alichota kijiko, akala mwenyewe. Akafungua mdomo mkubwa kuonyesha kwamba umebaki mtupu. Wakatazamana wanawake wale wawili, wakangoja, kama sisi tulivyongoja kule mgahawani. Kisha Mama Mwavita akanyoosha mkono. Nilisimama mlangoni na maji ya sabuni yakinichuruzika, nikalia, na siyo kidogo.

Karatasi yangu ilikufa siku hizohizo. Niliijua siku yenyewe, nilikuwa na hesabu ya Direkteri kichwani. Siku hiyo nilikwenda sokoni na Chela, na kwa muuzaji mmoja nikakuta samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa, wana macho yao na vichwa vyao, ndagala kabisa, nikawashika mkononi nikapayuka peke yangu. Niliwakaanga na kitunguu na nyanya nyingi. Mimi na Mama Mwavita tulikula kwenye sahani moja, na mimi nilikuwa najua kwamba Neema na mdogo wake hawatanifuata tena popote, kwamba mlango umefungwa. Iliniuma. Inaniuma hata sasa ninapoandika. Lakini kuumwa na kujuta si kitu kimoja, na atakayeniambia nijute aje kwanza anionyeshe angefanya nini.

Baada ya wiki tano masista walitupandisha basi lingine kwenda kaskazini. Mama Mwavita alikuwa na barua ya daktari na karatasi mpya, kwa sababu ya umri na ugonjwa. Mimi waliniombea, nikakataliwa. Nikasema nitajaribu hivyohivyo. Siku ya pili polisi wa uhamiaji wakapanda, wakakagua kila mtu. Walipofika kwetu, yeye wakamrudishia karatasi yake, mimi wakanionyesha mlango. Mama Mwavita akasimama na fimbo yake. "Na minye nashuka," akasema. "Ulishuka juu yangu, nami nashuka juu yako."

"Kaa, mama," nikamwambia. "Ukishuka weye, minye nilishuka bure."

Alinitazama kwa hasira, hasira ya mtu mzima aliyekatazwa na mtoto. Kisha akakaa.

Alifika kwa binti yake. Aliishi huko miaka tisa, na kila Ijumaa alinipigia simu Uvira kuniuliza nimepika nini. Mimi niliwekwa kituoni mwa polisi wale wa uhamiaji miezi miwili, nikapandishwa ndege, nikarudi kwenye midomo ya watu. Wanangu walinipokea wakiwa wameota meno mengine. Wamekula, wamesoma, Neema sasa anasomea uuguzi hapahapa mjini. Wale waliosema nimewanyima Amerika hawakuwahi kuniletea hata kilo ya unga.

Siku ya hitima nilikwenda tena Mulongwe, na safari hii Neema alikuja nami kusaidia kuandaa pilau. Baada ya dua, Shabani, mtoto wa kaka wa marehemu, alipiga simu ya video kwa Direkteri ili awape pole wafiwa. Aliponiona nimekaa mbele, ndevu zake nyeupe zikatabasamu.

"Mama Neema! Mungu asifiwe. Uko shahidi. Ambia bantu namna tulimuchunga mama."

Shabani akanipa simu. Ningeweza kusema asante na kwenda kula. Msiba si mahali pa ugomvi, ndivyo tulivyolelewa wote pale. Nikasimama.

"Direkteri, mulimuacha," nikasema. "Mulimushusha kwa mulango ya ba masere, muchana kweupe, na bisi ikaenda. Bibi yako alisema minye njo nilimupa sumu, na weye ulinyamaza. Ilikuwa malaria."

Shabani alinyoosha mkono achukue simu yake, na shangazi yake, mzee kuliko wote pale, akampiga kofi mkononi. "Muache amalize," akasema.

Direkteri alikuwa hatabasamu tena. "Nilikuwa na batoto mu bisi," alisema. "Weye unajua, Mama Neema. Nilikuwa na batoto."

"Najua. Ile siku sikukulaumu, na leo sikulaumu. Lakini sikia jina umeniita. Nami nilikuwa nao."

Akainamisha kichwa. Nilidhani atakata simu, na nilikuwa tayari kukaa. Akainua uso, akawatafuta watu wa pale uwanjani mmoja mmoja kwa macho, kisha akasema polepole ili wote wasikie: "Tulimuacha. Mama Neema njo alibaki naye."

Nikamrudishia Shabani simu yake. Neno hilo nimelingoja kuliko nilivyowahi kuingoja Amerika.